Kisiki cha Mubanga Kilicho Mbele ya Mlango Wangu, na Mama Mkwe Anayekikalia

Kamalondo, Élisabethville
mwezi wa saba, 1951

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Miti na Njia

Bwana Mheshimiwa,

Nakuandikia barua hii nikiwa nimevaa shati safi na tai, ingawa najua hutaniona. Mimi ni Rigobert Mumba, fundi wa kushona nguo hapa Kamalondo. Ikiwa Bwana amewahi kumwona karani amevaa suruali ambayo mstari wake haupotei hata akikaa, basi amekwisha kuiona kazi yangu. Lakini siombi kazi. Nakuandikia juu ya kisiki.

Kisiki chenyewe ni cha mti wa mubanga. Bwana amesoma mambo ya miti, anajua kwamba mubanga ni mti ambao mchwa wakiufikia wanauzunguka na kwenda kula nyumba ya jirani. Kipo mbele ya mlango wangu, na ni kipana kuliko meza yangu ya kukatia vitambaa. Naomba kiondolewe upesi. Sababu nazipanga kwa namba, maana nimeambiwa kwamba ofisini kwenu malalamiko yasiyo na namba hayasomwi, na yenye namba husomwa hadi ya pili. Kwa hiyo namwomba karani anayefungua barua avumilie, kwa kuwa uchungu wangu unaanza namba ya tatu.

1. Kisiki si mali yangu. Mti huu ulipokuwa mzima, kulikuwa na tawi moja lililokwaruza bati langu kila upepo ukivuma. Nikaja ofisini kuomba ruhusa ya kulikata. Nikaelezwa vizuri sana, na kwa sauti kubwa, kwamba mti ni wa serikali, tawi ni la serikali, na anayegusa mali ya serikali anajua atakakolala. Nikakubali. Baadaye watu wa ofisi yako wakaja wenyewe na msumeno, kwa sababu mti ulikuwa umeegemea waya wa umeme. Wakaukata, wakapakia gogo, wakaondoka. Nilimkimbilia msimamizi wao nikamwonyesha kilichobaki. Akanijibu: « Bientôt », yaani karibuni hivi. Huo ulikuwa mwaka ule vita vya Ulaya vilipokwisha. Nimeuliza watu wanaojua Kifaransa, mmoja wao amesoma seminari, na wote wamekubaliana kwamba neno hilo halifiki miaka sita. Basi kama mti ulikuwa wa serikali kutoka kileleni, naomba nionyeshwe ni kwenye sentimita ya ngapi ulianza kuwa wangu.

2. Kisiki kinaishi mjini bila karatasi. Sisi wakaaji wa Kamalondo kila mtu ana kitabu chake chenye picha, jina la baba, jina la mwajiri na mihuri. Kengele ya saa tatu usiku ikilia tunaingia ndani. Kisiki kinabaki nje. Polisi wanapita na tochi, wanakimulika, wanaendelea na safari yao. Hakina mwajiri, hakina ruhusa ya kukaa, hakijawahi kulipa kodi hata ya mwaka mmoja, wala hakijachanjwa. Nilimweleza polisi mmoja jambo hili kwa upole. Alinijibu kwamba kisiki kilikuwa hapa kabla ya mji. Sasa hoja hiyohiyo mjomba wangu aliwahi kuitoa mbele ya Wazungu, juu ya shamba lake la mihogo, mahali ambapo leo pana nyumba zao na maua, na haikukubaliwa. Sina neno na hukumu ile. Ila naomba sheria iwe moja kwa mjomba wangu na kwa kisiki.

3. Kisiki kinakaliwa. Tangu mwezi wa tano mama mkwe wangu, Mama Kapya, yuko kwangu. Alikuja kwa gari moshi kutoka upande wa Sakania, na mkeka wake na kuku wawili, kumtunza binti yake Wivine, mke wangu, ambaye ana mimba yetu ya kwanza. Sina ubaya na mama huyu. Ni mwenye adabu, anaamka kabla ya majogoo, na chakula chake ni kitamu, kwa jinsi ninavyoletewa.

Lakini kwetu kuna buko. Bwana hajaoa kwetu, kwa hiyo nitaeleza. Buko ni heshima ya ukwe. Mwanaume ambaye wakwe zake hawajamwingiza hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, hasemi naye, wala hapiti mbele yake. Wakikutana njiani, mwanaume anaingia majanini mpaka mama apite. Kijijini majani ni mengi na kila mtu anaishi kwa amani. Kamalondo hakuna majani. Mimi nina mlango mmoja, uwanja kidogo, na kisiki. Siku aliyofika, Mama Kapya alitua mizigo, akautazama uwanja wote, akakiona, akakaa. Mpaka leo amekaa. Hapo ndipo anachambua mboga zake za lengalenga, hapo ndipo anawasuka majirani nywele, na hapo ndipo anapokea salamu za mtaa mzima. Matokeo yake, mimi mwenye nyumba sina mlango.

4. Natoka kwa dirisha. Ni dirisha la chumba changu cha kushonea, linaloangalia barabara. Limekwisha kunichania suruali mbili, na fundi aliyechanika suruali ni tangazo baya kwa kazi yake. Juma lililopita nilikuwa natoka na suti ya mteja, mguu mmoja nje, mwingine ndani, polisi akanikamata kwa wizi. Nilimweleza kwamba nyumba ni yangu. Akasema mwenye nyumba hutumia mlango. Akanishika mkono mpaka uwanjani, amwulize Mama Kapya kama ananijua.

Bwana, mama huyu hasemi uongo. Kwa heshima yake hajawahi kunitazama usoni. Akajifunika kichwa kwa kitenge, akajibu ukweli wake: « Miye, ule bwana, siyamuona hata siku moja. » Mimi nami, kwa heshima, nilikuwa nimempa mgongo, na polisi akaona hiyo ni dalili ya hatia. Nilishinda kituoni hadi Wivine alipotoka sokoni akaja kunitoa, tumbo mbele, kikapu kichwani, akaniuliza mbele ya maaskari kwa nini sikutumia mlango. Mteja amepeleka suti yake kwa fundi mwingine.

5. Kisiki kimewekwa kati yangu na mtoto wangu. Dawa ya haya yote ipo, nayo ni kuingizwa. Wakwe wanapika, wanamwita mkwe wao, wanamnawisha mikono, anakula mbele yao, na tangu saa hiyo anakuwa mtoto wa nyumba. Nilimtuma Wivine aniombee. Mama Kapya hakukataa. Alisema tu kwamba kule kwao mkwe hukata miti ya shamba la mama mkwe kwanza, na kwamba mimi nilimwoa binti yake mjini, kwa cherehani, bila kukata hata fito moja. Ni kweli. Kisha akakigeukia kisiki, akakiambia kwa sauti ya kutosha kupita ukuta: « Weye kisiki, ambia ule bwana: huku mu muji shamba hakuna. Akutoe weye. Siku atakutoa, njo nitamuingiza. »

Sasa Bwana aelewe. Wivine anajifungua mwezi huu. Mtoto atakaporudi kutoka kwa masista wa uzazi, atakuwa mikononi mwa bibi yake mchana kutwa, na mikono ile mimi siruhusiwi kuikaribia. Nitamsikia mtoto wangu akilia ng'ambo ya ukuta, kama vile napangisha chumba kwa watu. Jambo hili linaniuma sana. Dirisha nimelizoea na polisi nimemsamehe, lakini hili limenishinda, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

6. Nimejaribu, na kila nikijaribu kinakuwa kizuri zaidi. Isidhaniwe kwamba nimekaa tu nikingoja serikali. Mama Kapya akienda sokoni, mimi naingia kazini. Kwanza niliazima shoka la jirani yangu Ngosa, aliyekuwa mkata kuni za tanuri na anaijua miti. Shoka liliruka kama limepiga reli, mpini ukavunjika. Nilichofanikiwa kutoa ni nundu moja ya ganda iliyokuwa pembeni. Mama Kapya aliporudi alikaa, akajisogeza, akakiambia kisiki kwamba leo hakimchomi tena ubavuni.

Nikaja na msumeno wa watu wawili. Ngosa alivuta upande wake, mimi wangu, mpaka meno ya msumeno yakaisha. Tulikata upande wa juu tu, uliokuwa umeinama. Sasa pako sawa kabisa, na Mama Kapya anaweka hata sufuria. Nikachimba kuzunguka mizizi. Mizizi imepita chini ya nyumba yangu na kuelekea kwa Ngosa, kwa hiyo niliacha, lakini shimo limebaki, na Mama Kapya anatia miguu humo na kusema magoti yamepona. Mwisho nikakitia moto. Nilirundika makaa shimoni nikayafunika na udongo, kama wafanyavyo wachoma makaa. Mubanga haukuungua. Ulipata joto tu, na baridi ya mwezi huu Bwana anaijua. Asubuhi ile kisiki kilikuwa cha moto kama kitanda kilichoondokewa sasa hivi, na mke wa Ngosa akaja kukaa, akaja na dada yake. Nilianza na kisiki, sasa nina ukumbi.

7. Kisiki kinasikiliza mambo ya nyumba yangu. Kwa kuwa Mama Kapya hawezi kusema na mimi, anasema nacho. Na mimi, nikiwa kwenye mashine yangu nyuma ya ukuta, nakijibu. Mwanzoni yalikuwa mambo ya kawaida. Kiliambiwa kwamba chumvi imekwisha. Kiliambiwa kwamba mashine inamsumbua Wivine akilala mchana, nami nikakiambia kwamba nitaipaka mafuta.

Lakini mazungumzo yamevuka mpaka. Kisiki kimeelezwa kwamba Wivine alikuwa na dada mkubwa, naye alikufa katika uzazi wake wa kwanza. Wivine hakuniambia hata siku moja. Kimeelezwa pia kwamba Mama Kapya hakai pale kwa kupenda jua. Anakaa kwa sababu ndipo mahali pekee uwanjani ambapo mlango ukiwa wazi anasikia pumzi za binti yake. Niliposikia hayo niliacha mashine. Nikakiambia kisiki kwamba nami naogopa. Nikakiambia kwamba nimeshona nguo ya mtoto, nimeifumua, nimeishona tena, kwa sababu nikiimaliza nitakuwa sina la kufanya ila kungoja. Mama Kapya akasema: « Kisiki, umuambie asifumue tena. Hiyo nguo aiache vile. »

Nauliza, Bwana: kuna sheria gani inayoruhusu mali ya serikali kukaa katikati ya watu wawili na kupokea maneno ya namna hii? Tangu siku ile natazama cherehani yangu nashindwa kushona mstari ulionyooka, na wateja wanaona.

8. Basi, ombi. Mama Kapya alisema nikitoe. Hakusema kwa mikono ya nani. Wivine anadai kwamba alikuwa na maana ya mikono yangu mimi, lakini nimelifikiri jambo hili kwa kirefu. Mimi hulipa kodi kwa jasho langu. Kwa kodi hiyo serikali imenunua trekta. Kwa hiyo ndani ya trekta ile kuna jasho langu, na ikija kuvuta kisiki, nitakuwa nimekivuta mimi. Naomba trekta na mnyororo mnene, na dereva asiye na buko na mtu yeyote wa nyumba hii, ili aweze kupita mbele ya mama na kumwomba ainuke.

Kama trekta iko kazini kwingine, kwenye migodi baruti ni nyingi. Kipande kidogo kingetosha. Ngosa amenionya kwamba kwa mizizi ilivyotambaa, nyumba yangu nayo ingeinuka, na ya kwake ingefuata. Nimekubali kwa upande wangu. Yeye bado anafikiri.

Kama baruti haiwezekani, naomba nyumba yangu isogezwe nyuma ya kisiki, ili mlango uwe upande mwingine. Na kama kwa sababu ya ramani nyumba moja haiwezi kusogezwa peke yake, basi mtaa mzima usogezwe. Na kama mtaa hauwezi kutenganishwa na mitaa mingine, sioni ubaya Kamalondo yote ikisogezwa kidogo kuelekea Karavia. Simwombi Bwana jambo geni. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Waafrika walivyosogezwa zamani kutoka karibu na mji wa Wazungu, nyumba kwa nyumba, na jinsi kazi ile ilivyokwisha haraka. Kusogeza watu serikali inaweza. Ni kisiki tu kimechukua miaka sita.

Naamini kwamba Bwana, kwa hekima yake, ataona kuwa naomba kidogo kuliko wengi. Nikisubiri sauti ya trekta, nabaki mtu wako mtiifu upande wa ndani wa dirisha. Unisalimie Madame, na watoto kama wapo, na karani aliyefika mpaka hapa bila kuchoka, nitamshonea kola mpya. Msalimie pia yule msimamizi aliyesema « bientôt », kama bado yuko kazini. Mwambie tunamkumbuka kila siku.

Kwa heshima zote,

Rigobert Mumba
fundi wa kushona

Nyongeza. Barua hii ilikuwa haijapata bahasha, Wivine akashikwa na uchungu. Alipelekwa kwa masista, na mimi nilikaa barabarani, ukutani mwao, mpaka nikaambiwa niende nyumbani nisizuie njia. Jana amerudi. Ni mzima. Mtoto ni msichana.

Nilikuwa ndani, nimeegemea ukuta, nasikia kilio kidogo na siwezi kutoka. Kisha nikaitwa, lakini si kwa jina langu. Nilipochungulia mlangoni niliona Mama Kapya amesimama. Alitandika kitenge chake cha kuingilia kanisani juu ya kisiki, akamlaza mtoto hapo, akarudi nyuma mpaka ukuta wa jikoni, akageuza uso. Akasema: « Weye kisiki, mupatie baba yake. »

Nikatoka kwa mlango. Kisiki kikanipa mtoto wangu. Nililia, Bwana, na sioni sababu ya kulificha hilo katika barua ya serikali. Mama Kapya alikiuliza kisiki kama ule bwana analia, nami nikakiambia kimjibu kwamba ndiyo. Akakiambia kwamba naye pia.

Kwa hiyo malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la nane, nayafuta. Kuhusu kuingizwa, Mama Kapya amekiambia kisiki kwamba Jumapili anapika, na kwamba, hata kisiki kikibaki, shamba lake anaona limekwisha kulimwa. Ningeandika barua mpya iliyo safi, lakini nina mkono mmoja tu, wa pili umeshikwa. Namwomba Bwana aizuie trekta, hata kama imekwisha kutoka ofisini. Ina kelele nyingi, na mtoto amelala.